Wifi Pini Afumua Mchezo Wake

Wifi yangu akifumua nguo hafumui kwa hasira. Nimeona mafundi wengi wakigundua kwamba mkono wa blauzi umekaa kinyume, na kinachofuata ni uzi kuraruliwa, kelele, na lawama zote kutupiwa cherehani. Yeye anailaza nguo magotini, anatafuta mwisho wa mshono, anaingiza ncha ya wembe, anakata uzi mmoja tu. Kisha anavuta taratibu akirudi alikotoka, tundu kwa tundu, mpaka afike pale mkono ulipoanza kwenda upande. Hapo husimama.

"Hapa," husema. "Si kule nilikoona. Ni hapa."

Neno hilo ndilo lililomtoa kwenye benchi alilokaa miaka mitano. Nami nililiona likifanya kazi kwa macho yangu, kwa hiyo nasimulia nilivyoona, bila kutia chumvi.

Watu wote humwita Pini. Ni mdogo wake mume wangu, ana miaka arobaini na tisa, na tunafanya kazi pamoja kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwa chini, na pazia ambalo wateja hujaribia nguo nyuma yake. Yeye anakata na kushona. Mimi napiga pasi, natia vifungo, napokea watu. Jina la Pini limetokana na zile pini anazobana midomoni wakati wa kumjaribisha mtu nguo, sita, saba, zote kwa safu. Ukimuuliza jambo wakati huo anakujibu kwa nyusi. Wateja wapya hudhani ana maringo. Wa zamani wamejifunza kusoma nyusi.

Chesi alifundishwa na mteja. Mama mmoja mpima ardhi alikuja kushonewa suti, na mabega yake yalikuwa ya taabu, moja juu jingine chini, ikabidi ajaribishwe mara nne. Mkobani alikuwa na ubao mdogo wa kukunja, wa kupotezea muda safarini. Mimi nikinyoosha kola, yeye anamwonyesha wifi jinsi farasi anavyoruka. Alipohamishwa kikazi akamwachia ule ubao. Askari mmoja mweupe alikuwa amepotea. Mahali pake wifi aliweka subana, kile kikofia cha chuma tunachovaa kidoleni ili sindano isituchome, na mpaka leo subana ndiyo inayosimama pale.

Nisiseme uongo, mimi mwanzoni sikuupenda mchezo ule. Niliona watu wazima kukaa kimya saa nzima wakikodolea vipande vya mti kuna namna ya uvivu. Tena kuna askofu ambaye maisha yake yote anakwenda upande upande, jambo lililonisumbua. Nilimwambia.

"Wifi, ni kipande cha mti," akasema.

Nikakubali. Lakini siku za kupangusa vumbi nilimpangusa askofu kwanza.

Basi kuna chama cha chesi kinachokutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, katika ukumbi nyuma ya maktaba. Mwenyekiti ni mfamasia, mtu mpole mwenye miwani ya kamba shingoni, anayeongea kana kwamba kila neno ni kidonge cha kuhesabiwa. Mara moja kwa mwaka chama hupeleka wachezaji sita kupambana na mji wa jirani. Wifi alikuwa wa saba. Mchezaji wa akiba. Kazi ya akiba ni kubeba begi la kete, kuwamiminia wengine maji, na kungoja mmoja augue. Na Mungu aliwapa watu wale sita afya ya ajabu. Miaka mitano, hata mafua hawakupata! Nami sikuweza kulalamika mbele Zake juu ya afya ya watu.

Mwaka huo mmoja wa sita, mwoka mikate, alihamia kwa binti yake mbali, na kiti kikabaki wazi. Waliokitaka walikuwa wawili, wifi yangu na fundi saa.

Fundi saa huyu alikuwa amejiunga na chama miaka miwili nyuma. Ana miaka kama sitini, tumbo limetangulia, na jicho la kulia lina duara la kudumu kwa sababu ya ile lenzi anayobana akitengeneza saa. Ndiye anayezirekebisha saa za chama, zile za vibonye viwili zinazopima muda wa kila mchezaji, kwa hiyo huziita "watoto wangu". Alikuwa amecheza na wifi mara kumi na moja, na mara kumi na moja alimfunga mfalme wake. Kila wakimaliza alikuwa na neno.

"Karibu tena, Cherehani. Leo umekuja kushona au kushonwa?"

Wifi hamjibu. Hana pini mdomoni, lakini hamjibu.

Mfamasia akaamua watacheza michezo mitatu, Jumamosi tatu. Atakayeshinda miwili ndiye wa sita. Wifi alirudi nyumbani na habari hiyo wakati mume wangu anakula.

"Na ukishindwa?" mume wangu akamuuliza. Yeye ni fundi bomba, maswali yake huenda moja kwa moja kwenye palipovunjika.

"Nikishindwa narudisha begi, kaka. Jumamosi zangu nitashona. Nimechoka kubebea watu farasi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja urefu wa suruali. Mimi ndiye niliyeweka kijiko chini, maana namjua wifi yangu: akishataja urefu, anakata.

Lakini lazima niseme kuhusu daftari, kwa sababu lilianza kabla ya hapo.

Baada ya kushindwa mara ya kumi na moja, alikuja chumba cha kazi asubuhi, akachukua daftari jipya la vipimo, akaanza kuandika michezo yake. Chama kina desturi ya kila mchezaji kuandika hatua zake kwenye karatasi: kipande gani kimetoka kijumba gani kimeenda kipi. Wengine karatasi hizo hufungia karanga. Yeye alikuwa amezihifadhi zote kwenye bati la vifungo. Akazinakili moja moja, mchezo mmoja kurasa mbili, kushoto hatua, kulia sababu ya kushindwa.

Alipomaliza kumi na miwili ya kwanza alinipa nisome kwa sauti, kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye zipu.

Nikasoma. "Kiti kilikuwa kinayumba. Kelele za barabarani. Kichwa kiliuma. Fundi saa alikuwa anakohoa makusudi. Kiti tena. Mwanga mbaya. Nilikuwa na haraka ya suruali ya mhasibu. Kelele. Kiti."

Akaacha zipu. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Wifi," akasema, "umeniona mimi humo?"

"Nimekiona kiti."

Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa nyuma ya pazia akauliza kuna nini. Kisha wifi akalichukua lile daftari, akakunja upande wote wa kulia wa kila mchezo, akaushona kabisa kwa mashine, mshono mrefu, usifunguke. Akaanza upya kwenye kurasa zilizobaki. Safari hii upande wa kulia haukuwa wa sababu. Aliandika kile alichokuwa anakifikiri wakati mkono wake unasogeza kete. Kama alikumbuka, aliandika. Kama hakukumbuka, aliandika "sikufikiri", na hayo yalikuwa mengi kuliko alivyotarajia.

Tukawa na utaratibu. Asubuhi kabla ya kufungua, na mchana wateja wakipungua, ubao unakaa kwenye pembe ya meza ya kukatia. Yeye anatia pindo, mimi nasoma daftari na kusogeza kete kwa niaba yake. Na hakutaka tuanze mwanzo. Alitaka tuanze mwisho, mfalme wake akiwa tayari amefungwa, kisha turudi hatua moja moja.

"Ukianza mwanzo," alinieleza, "unajisimulia hadithi. Ukianza mwisho unaufuata uzi."

Kwa hiyo mimi, ambaye sikujua hata kuzipanga kete, nilijifunza chesi kinyumenyume. Waliokufa walifufuka mikononi mwangu, wakarudi ubaoni mmoja mmoja. Nisikufuru, lakini iliniburudisha.

Tukifika kwenye hatua fulani alikuwa anasema, "Simama." Anatazama. "Ni hapa." Anachukua pini yenye kichwa chekundu anaichomeka pembeni ya mstari ule. Na kila mara ilikuwa mbali na pale alipodhani amepotezea. Malkia ameliwa hatua ya thelathini, pini iko hatua ya kumi na tisa. Hata michezo aliyoshinda aliifumua. Nilimwambia aiache, imeshashinda, inampendeza Mungu.

"Nguo ikimkaa mteja vizuri kwa bahati," akasema, "ya pili haitamkaa."

Kumbe mingi aliyoshinda alishinda kwa sababu mwenzake aliteleza. Hilo lilimuuma kuliko kushindwa, lakini alilichomekea pini vilevile.

Hapo ndipo tulipokuwa Jumamosi ya kwanza ilipofika, michezo thelathini na mitatu ikiwa imeshanakiliwa daftarini. Nilienda naye ukumbini nikakaa kwenye benchi la ukutani pamoja na mke wa fundi saa. Sasa sikilizeni taabu yangu: mke wa fundi saa yuko kwenye kikundi chetu cha maombi. Kila Alhamisi tunashikana mikono. Wiki ile tulikuwa tumeshikana mikono, na kila mmoja alijua mwenzake anaomba nini, na wote tulifumba macho kwa nguvu zaidi ya kawaida.

"Dada," akaninong'oneza pale kwenye benchi, "wewe umeombaje?"

"Nimeomba wawe na utulivu. Wote wawili."

Akafikiri. "Na mimi hivyohivyo," akasema. "Karibu hivyohivyo."

Wifi alishindwa. Sikuelewa yote, ila niliona farasi wake mweupe akiingia mbali upande wa adui, na fundi saa akasogeza askari mmoja mdogo kumtishia. Wifi akamrusha farasi mbele zaidi, akala askari, naye akaliwa. Baada ya hapo ilikuwa kama kuangalia maji yakitoka kwenye beseni.

"Umeshonwa, Cherehani," fundi saa akasema, akabonyeza saa ingawa hakukuwa na haja tena. Aliibonyeza kwa raha tu.

Njiani wifi alibeba begi la kete begani kama kawaida. Na mimi nilijua zimebaki Jumamosi mbili, na kwamba akipoteza moja tu, begi linarudi.

Jumatatu tukaanza kuufumua mchezo ule wa thelathini na nne. Mguu wangu ulikuwa umevimba kidogo kwa kusimama na pasi, nilitamani tumalize nikae. Tulifika pale farasi anapotishiwa. Kwenye daftari wifi alikuwa ameandika, "Nilifikiri: nile askari au nile upande wa ngome?" Akawa anachambua lipi kati ya hayo mawili lilikuwa bora, huku akitia pindo la gauni, na anachambua, na anachambua.

"Wifi," nikasema, "huyu farasi si angerudi tu alikotoka?"

Sikusema kwa akili. Nilisema kwa kutaka kiti.

Akacheka. "Arudi? Amefika mpaka huku halafu ar..."

Akakomea hapo. Sindano ikabaki hewani. Akaja mezani, akamchukua farasi, akamrudisha kwenye kijumba alichotoka. Akautazama ubao. Niliona midomo yake ikisogea. Kisha akamwangalia yule askari wa fundi saa aliyekuwa amesogea kutisha, akagusa nafasi aliyoiacha nyuma yake, mbele ya mfalme.

"Hakuna anachopata," akasema polepole. "Amefungua mlango wake mwenyewe. Mimi nikirudi, yeye ndiye amebaki na mlango wazi." Akanitazama. "Mbona sikuliwaza? Si kwamba nililikataa. Halikuwepo kichwani kabisa. Angalia nilivyoandika: nile hiki au nile kile."

"Labda siku hiyo tu."

"Lete daftari."

Tulifunga mlango, jambo ambalo hatulifanyi saa nne asubuhi. Mimi nikasoma hatua, michezo yote thelathini na minne, na yeye kila tulipofika mahali kipande chake kimerudi nyuma kwa hiari, bila kulazimishwa na mfalme aliyetishiwa, alichomeka pini nyeupe. Askari hatukuwahesabu, maana askari wa chesi hana ruhusa ya kurudi. Tulihesabu wale wanaoruhusiwa. Mchana ulipita bila chai. Tulipomaliza, pini nyeupe zilikuwa sita.

Pini sita katika michezo thelathini na minne! Mama mzima, michezo yote hiyo, mara sita tu.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Mkononi alikuwa na mkasi mkubwa, ule wa kukatia, sijui alikuwa ameushika saa ngapi. Akaunyanyua, akautazama kama anaukuta leo.

"Ni huyu," akasema. "Miaka thelathini. Mkasi ukishaingia kwenye kitambaa hakuna kurudi, wifi. Unaenda tu mbele, na ukisita ndiyo unaharibu. Mkono wangu umezoea hivyo. Nimekuwa nikicheza kwa mkasi."

"Lakini si ndiye wewe unayefumua?" nikamwambia. "Hakuna anayerudi nyuma vizuri kama wewe."

Aliutua mkasi mezani.

"Kitambaa hakirudi," akasema. "Uzi unarudi." Na nikamwona anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeona mahali wembe utaingia.

Wiki ile tulifanya jambo moja tu. Nilimsomea michezo ya zamani mpaka kwenye pini nyekundu, nikasimama, na yeye kabla ya kusema chochote ilimpasa ataje hatua moja ya kurudi. Hata kama ni mbaya. Mara nyingi ilikuwa mbaya, akaitaja, tukaendelea. Lakini mara kwa mara ilikuwa nzuri kuliko zote, na alikuwa anapiga meza kwa kiganja mpaka vifungo vinaruka. Mume wangu alichungulia siku moja akauliza kama tumepasua bomba.

Jambo la pili alilikuta mwenyewe. Akipitia upande wa kulia wa daftari aliona neno "nilifurahi" limeandikwa mara tisa. Nilifurahi, nikala ngome. Nilifurahi, nikaingiza malkia. Katika mara hizo tisa, nane aliishia kupoteza. Akaliandika neno hilo kwa chaki kwenye kioo cha wateja, juu, na likakaa pale wiki nzima. Wateja walidhani tunawapamba.

Jumamosi ya pili wifi alikuwa na kete nyeusi. Na, Mungu ni mwema, ilitokea ileile. Farasi wake akaingia mbali, fundi saa akasogeza askari kumfukuza, akaegemea kiti na kufumbata mikono juu ya tumbo. Wifi akamchukua farasi akamrudisha nyumbani.

"Ah! Umeogopa?" fundi saa akasema.

"Nimerudi," wifi akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu. Mfamasia aliinua miwani kuhakikisha ni nani aliyeongea. Baada ya hatua kama ishirini nilielewa hata mimi: ule mlango alioufungua fundi saa mbele ya mfalme wake haukufungika tena, na kupitia hapohapo malkia wa wifi akaingia. Fundi saa alimlaza mfalme wake ubaoni, taratibu, kama anayelaza saa ya mteja. Mkewe akanishika mkono.

"Utulivu umezidi upande mmoja, dada," akasema.

Alhamisi ya mwisho kwenye maombi tulikaa mbali kidogo, kisha tukaona aibu, tukasogeleana.

Jumamosi ya tatu ukumbi ulijaa. Si kujaa kwa mpira, ila watu kama ishirini na tano, na kwa chesi huo ni umati. Wifi alikuwa na nyeupe. Fundi saa alikuja amevaa tai na hakufanya mzaha hata mmoja. Nikajua amemwogopa, na nikajua pia kwamba mtu anayekuogopa anakutazama vizuri zaidi.

Saa nzima hakuna aliyezidi. Kisha malkia wa wifi akapenya upande wa kushoto, akala askari wa pili kutoka ukingoni, na pale pembeni yake, kwenye kona, ikawa imekaa ngome ya fundi saa. Peke yake. Hakuna anayeilinda. Hata mimi niliyejifunzia kinyumenyume nilijua ngome ya bure ni kitu gani. Watu nyuma yangu wakaanza kunong'ona: "Anakula, anakula." Fundi saa alikuwa anatazama dari kwa upole mkubwa.

Wifi akanyanyua mkono.

Nilimwona usoni. Alifurahi. Ninaujua uso ule, ndio anaokuwa nao suti ikimkaa mteja mara ya kwanza bila kuguswa. Mkono ukashuka kuelekea kwa malkia, ukafika inchi moja, ukasimama. Ukarudi magotini. Saa yake ikawa inakimbia, dakika moja, mbili, nne. Sikuomba ashinde. Niliomba akumbuke kioo.

Baadaye alinieleza alichokuwa anakiona. Malkia akila ngome anaishia konani, mbali na nyumbani, na hawezi kutoka haraka. Wakati huo malkia mweusi na farasi mweusi wamebakiza hatua tatu tu kumfikia mfalme wake. Ngome ile haikuachwa kwa kusahauliwa. Ilikuwa imewekwa pale kama chambo.

Akamshika malkia. Akamvuta nyuma kwa mshazari, vijumba vinne, toka karibu na ile kona mpaka mbele ya mfalme wake mwenyewe, akamtua hapo. Akabonyeza saa.

Ukumbi ukaguna. Mtu mmoja alisema wazi, "Amechanganyikiwa."

Fundi saa aliacha kutazama dari. Aliinama juu ya ubao, akabana jicho la kulia kana kwamba lenzi iko pale, na akakaa hivyo dakika kumi na nne. Nilizihesabu kwenye mmoja wa watoto wake. Kila njia aliyokuwa ameiandaa kumfikia mfalme, malkia alikuwa amekaa mlangoni. Na wifi alikuwa bado na yule askari aliyemla, mmoja zaidi, faida ndogo kama upana wa pindo.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na hakikuwa na mbwembwe. Malkia wakabadilishana kufa, ngome zikafuata, ubao ukabaki na nafasi tupu nyingi. Askari mmoja wa wifi wa pembeni akaanza kupanda, kijumba kimoja, kijumba kimoja. Fundi saa alimkimbiza kwa mfalme akamkosa kwa hatua moja. Askari alipofika mwisho na kugeuzwa malkia, fundi saa alinyoosha mkono juu ya kete badala ya kulaza mfalme.

"Fundi," akasema. Hakusema Cherehani. "Kiti ni chako."

Mfamasia aliandika jina la wifi kwenye orodha, la sita, kwa herufi zilizosimama vizuri. Mke wa fundi saa alinikumbatia akalia kidogo, na mimi nikalia kidogo, kila mmoja kwa upande wake. Begi la kete wifi alilishika kwa mazoea, akafika nalo mlangoni, ndipo akakumbuka. Akageuka, akalitua kwenye kiti kilicho wazi, akatoka mikono mitupu.

Sasa mngedhani imeisha hapo. Jumatatu asubuhi alikuja mapema akiwa na karatasi ya mchezo ule, akapanga ubao kwenye pembe ya meza, subana mahali pake, tayari kuufumua.

"Umeshinda wifi," nikasema. "Pumzika."

"Nilimwacha malkia mbali hatua tisa. Nimeponea chupuchupu. Nataka kujua ni wapi nilipoanza kumpeleka."

Tukasikia hodi. Alikuwa fundi saa, na suruali mkononi.

"Imenizidi urefu," akasema bila kutuangalia. "Mnipunguzie."

Nikaipokea. Wifi wakati huo alikuwa ameshabana pini midomoni kwa ajili ya sketi iliyokuwa kwenye meza. Fundi saa hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda, akauona ubao, akasogeza kigoda kidogo, kisha kidogo tena.

"Ule mchezo," akasema. "Nimekesha nao kichwani. Nataka unionyeshe nilipoharibu. Ila na kile kiti cha ukumbini, mnajua, mguu mmoja ni mfupi..."

Nyusi za wifi zilipanda zote mbili mpaka kwenye nywele. Mimi nilijishika tumbo nikageukia ukuta.

"Nimesema nini?" fundi saa akauliza.

Wifi alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. Akachukua daftari jipya la vipimo kutoka kwenye rafu, akampa pamoja na penseli.

"Kiti usikiandike," akamwambia. "Panga kete za mwisho, kaka yangu. Tunaanzia huku."

Akapanga, kwa vile vidole vyake vinene vinavyojua kushika vitu vidogo. Mimi nikaipima ile suruali. Ilikuwa urefu wake kamili. Nikaipiga pasi, nikaikunja, nikaiweka mlangoni mpaka watakapomaliza.